Tunu za Katiba na Ushawishi wa Tanzania Mbele ya Mataifa: Funzo Kutoka Kibondo na Kasulu

Na Mwandishi Wetu, Kibondo

Kata ya Busunzu ipo katika Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma, kwenye nyanda za juu zinazoelekea Kasulu. Ni nchi ya Waha, wakulima wa mahindi, maharage, mihogo na migomba, na lugha yao, Kiha, inasikilizana na Kirundi kinachozungumzwa ng'ambo ya mpaka. Kwa zaidi ya nusu karne, kila nchi jirani ilipoingia katika machafuko, wakazi wa wilaya hizi walikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kuona matokeo yake: familia zenye mizigo kichwani, watoto waliopotezana na wazazi wao, na wazee wasiojua watalala wapi usiku huo.

Habari za namna hiyo huandikwa mara nyingi kama habari za misaada ya kibinadamu. Makala haya yanazitazama kwa upande mwingine. Yanaeleza jinsi tunu zilizomo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zilivyoipa nchi yetu sauti katika mikutano ya kimataifa, na kwa nini uzito wa sauti hiyo umetegemea, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa, namna tunu hizo zinavyotekelezwa katika vijiji vya mpakani kama vile vya Kibondo na Kasulu.

Nchi hupata ushawishi kwa njia nyingi. Zipo zinazosikilizwa kwa nguvu za majeshi yao na zipo zinazosikilizwa kwa wingi wa fedha zao. Tanzania haikuwa na wingi wa kimojawapo kati ya hivyo ilipopata uhuru, lakini iliaminiwa. Imani hiyo ilitokana na mataifa mengine kuona kwamba yale ambayo nchi inayasema katika kumbi za mikutano, inayatenda pia nyumbani kwake, hata inapogharimika.

Tunu hizo ni zipi

Utangulizi wa Katiba unataja misingi minne ambayo jamii ya Watanzania imeamua kujengwa juu yake: uhuru, haki, udugu na amani. Misingi hiyo inafafanuliwa katika ibara zinazofuata. Ibara ya 8 inaeleza kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 9 inaielekeza Serikali na vyombo vyake kuhakikisha kwamba utu na haki za binadamu vinaheshimiwa, kwamba heshima ya binadamu inalindwa kwa kufuata Tamko la Dunia la Haki za Binadamu, na kwamba dhuluma, vitisho, ubaguzi, rushwa, uonevu na upendeleo vinaondolewa.

Ni vyema mwananchi aelewe hadhi ya ibara hiyo. Kwa mujibu wa Ibara ya 7, masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa kwa amri ya mahakama. Hata hivyo, Ibara hiyohiyo inavitaka vyombo vyote vya Serikali kuyazingatia katika shughuli zake. Kwa maneno mengine, ni dira ya sera, na sera ya mambo ya nje ni mojawapo ya sera hizo.

Haki zinazoweza kudaiwa mahakamani zimo katika Ibara ya 12 na kuendelea. Ziliingizwa katika Katiba kwa Mabadiliko ya Tano ya mwaka 1984. Ibara ya 12 inatamka kuwa binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa utu wake. Ibara ya 13 inaweka usawa mbele ya sheria na kukataza mateso na adhabu za kinyama. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi.

Msemo wenyewe wa "Tunu za Taifa" ulizoeleka zaidi kwa wananchi wakati wa mchakato wa mabadiliko ya Katiba, pale Rasimu ya mwaka 2013 ilipoorodhesha tunu saba: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya Taifa. Mchakato huo haukukamilika kwa kupatikana Katiba mpya, lakini msemo umebaki, na yaliyomo katika msemo huo yalikuwamo katika Katiba tuliyo nayo tangu awali.

"Kila mtu" na "kila raia"

Msomaji makini wa Katiba ataona kuwa maneno mawili yametumika kwa uangalifu. Baadhi ya haki zimetolewa kwa "kila raia". Haki ya kwenda kokote na kuishi popote nchini, iliyo katika Ibara ya 17, ni ya raia. Haki ya kushiriki katika shughuli za utawala wa nchi, iliyo katika Ibara ya 21, nayo ni ya raia. Lakini haki ya kuishi, haki ya kutoteswa, haki ya kuheshimiwa utu, na usawa mbele ya sheria vimetolewa kwa "kila mtu" au kwa "watu wote".

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza hadhi ya mkimbizi nchini Tanzania. Mkimbizi si raia. Kwa hiyo Serikali inaweza, kwa mujibu wa sheria, kumpangia eneo la kuishi, kumtaka awe na kibali anapotoka kambini, na kumzuia kushiriki siasa za nchi. Lakini mkimbizi ni mtu. Kwa hiyo uhai wake na utu wake vinalindwa na Katiba ileile inayomlinda mkulima wa Busunzu. Neno hilo moja, "mtu", ndilo daraja kati ya Katiba na diplomasia, kwa sababu sheria za kimataifa za haki za binadamu na za wakimbizi zimejengwa juu ya neno hilohilo.

Mizizi ya kihistoria

Maneno ya Ibara ya 12 yana asili yake katika Imani ya TANU, iliyowekwa mwanzoni mwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 na iliyotangulia kuwemo katika Katiba ya chama hicho. Msingi wake wa kwanza ulikuwa usawa wa binadamu wote. Kabla msingi huo haujaingia katika Katiba ya nchi ya mwaka 1977, ulikuwa umekwisha kuwa kipimo cha uhusiano wa nchi na mataifa ya nje.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliweka wazi kuwa Tanganyika isingejiunga na Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ingebaki kuwa mwanachama. Mwezi Machi mwaka huo, Afrika Kusini iliondoa ombi lake la kubaki katika Jumuiya hiyo. Nchi iliyokuwa bado haijapata bendera yake ilikuwa imechangia kubadili mwelekeo wa chombo cha kimataifa, bila kuwa na askari wala hazina ya kutishia nayo.

Mwaka 1963, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa, Dar es Salaam ilichaguliwa kuwa makao ya Kamati ya Ukombozi. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola walipata hifadhi, mafunzo na shule katika maeneo kama Kongwa, Nachingwea na Mazimbu. Desemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya kushindwa kwake kuzuia utawala wa walowezi wachache nchini Rhodesia. Gharama yake haikuchelewa: mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekubaliwa ulisimamishwa.

Mifano hiyo inaonesha kanuni inayojirudia katika historia ya diplomasia yetu. Kila mara nchi ilipolipa gharama kwa ajili ya tunu zake, neno lake liliongezeka uzito katika majadiliano yaliyofuata. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 iliweka mkazo katika diplomasia ya uchumi, lakini haikuacha misingi ya uhuru, haki, usawa na ujirani mwema. Na Toleo la 2024 la sera hiyo, lililozinduliwa Mei 2025, limeendeleza mwelekeo huo.

Mahali tunu zinapopimwa

Kongwa na Mazimbu ni majina yanayotajwa sana. Kibondo na Kasulu hutajwa kwa nadra zaidi, ingawa ni huko ambako kanuni ya usawa wa binadamu imejaribiwa kwa muda mrefu zaidi na kwa idadi kubwa zaidi ya watu.

Tanzania ilianza kupokea wakimbizi wa Rwanda kuanzia mwaka 1959. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta wengine wengi, ambao walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Wengine waliishi miongoni mwa wenyeji katika vijiji vya Kigoma. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 21, 1993, mamia kwa maelfu ya watu walikimbia nchi hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Mwaka 1996, vita vya mashariki ya Kongo vilisababisha kufunguliwa kwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Katika miaka iliyofuata, majina ya kambi yakawa sehemu ya jiografia ya nyanda hizi: Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mkugwa na Karago upande wa Kibondo, Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu. Kambi nyingine zilifungwa baada ya wakimbizi kurejea kwao. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kisha mgogoro wa kisiasa wa Burundi wa mwaka 2015 ukaleta wimbi jingine. Kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kilizidiwa na watu, kipindupindu kikazuka, na meli kongwe ya MV Liemba ikatumika kuwasafirisha wakimbizi hadi Kigoma. Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016.

Wenyeji ndio waliobeba sehemu ya mzigo huo ambayo haikuandikwa katika bajeti yoyote. Misitu ilipungua kwa sababu ya kuni na miti ya kujengea. Visima na mito midogo ilitumiwa na watu wengi kuliko ilivyozoeleka. Ujambazi wa kutumia silaha uliongezeka katika vipindi fulani, na safari kati ya Kibondo na Kasulu ikawa ya wasiwasi. Kwa upande mwingine, masoko yalikua, vibarua vya shambani vilipatikana, na zahanati na barabara kadhaa zilijengwa kwa fedha zilizokuja pamoja na huduma za wakimbizi. Mpango wa Pamoja wa Kigoma, ulioanzishwa mwaka 2017 na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na Serikali, ulitokana na kutambua kwamba jamii inayopokea wageni nayo inahitaji kuhudumiwa.

Hifadhi si uadui

Kumpokea mtu aliyeikimbia serikali ya nchi jirani ni jambo linaloweza kuharibu ujirani. Serikali hiyo inaweza kudhani kuwa wapinzani wake wanafichwa na kusaidiwa. Hapa ndipo sheria ya kimataifa inapokutana na busara ya kidiplomasia.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi mwaka 1964, na Itifaki yake ya mwaka 1967 ikajiunga nayo mwaka 1968. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliridhiwa na Tanzania mwaka 1975. Mkataba huo wa Afrika una masharti mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. La kwanza linasema kuwa kutoa hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na kwamba nchi yoyote mwanachama isilichukulie kuwa tendo la uhasama. La pili linamkataza mkimbizi kuendesha shughuli za uchochezi dhidi ya nchi nyingine ya Afrika, na linaitaka nchi inayompokea imzuie kufanya hivyo.

Kwa sababu hiyo, kulinda kambi dhidi ya silaha na uandikishaji wa wapiganaji ni wajibu uleule wa kutoa hifadhi, ukitazamwa kwa upande wa pili. Nchi inayowapa watu hifadhi huku ikiruhusu kambi zigeuzwe vituo vya vita hupoteza haki ya kuwa msuluhishi. Tanzania imelazimika kuyalinda mambo hayo mawili kwa pamoja, na pale ilipolaumiwa kuwa ulinzi huo umelegea, uhusiano na nchi jirani ulitetereka.

Mwaka 1979, Arusha ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Afrika kuhusu Hali ya Wakimbizi, uliojadili utekelezaji wa mkataba wa mwaka 1969. Takriban mwaka 1980, wakimbizi wapatao 36,000 wa Rwanda walipewa nafasi ya kuwa raia. Mwaka 1983, Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Nishani hiyo ilipokelewa na kiongozi mmoja, lakini iliyofanya astahili kuipokea ni ardhi na ukarimu wa vijiji vingi.

Kutoka kambini hadi meza ya mazungumzo

Athari kubwa ya kidiplomasia ilionekana katika miaka ya 1990. Agosti 4, 1993, mkataba wa amani kati ya Serikali ya Rwanda na chama cha RPF ulitiwa saini Arusha. Utekelezaji wake ulivunjwa na mauaji ya kimbari ya mwaka uliofuata, na historia hiyo inatukumbusha kuwa saini pekee haileti amani. Hata hivyo, Umoja wa Mataifa uliichagua Arusha kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi hadi mwaka 2015.

Kuhusu Burundi, Mwalimu Nyerere aliyekuwa amekwisha staafu urais alikubali mwaka 1996 kuwa msuluhishi wa mgogoro huo. Baada ya mapinduzi ya Julai mwaka huo, nchi za ukanda huu ziliiwekea Burundi vikwazo, ambavyo viliondolewa Januari 1999. Mazungumzo ya vyama vyote yalianza Arusha Juni 1998. Mwalimu alifariki dunia Oktoba 14, 1999 kabla ya kuyakamilisha, na Rais mstaafu wa Afrika Kusini, Nelson Mandela, akachukua nafasi yake. Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano wa Burundi ulitiwa saini Agosti 28, 2000.

Mkataba huo haukukomesha vita siku hiyo. Makundi mawili makuu ya wapiganaji hayakuwa yameusaini, na mazungumzo yaliendelea kwa miaka kadhaa, hadi makubaliano ya kusimamisha mapigano na kundi la FNL yaliyosainiwa Dar es Salaam Septemba 7, 2006. Lakini itifaki yake ya nne ilikuwa na sehemu iliyohusu moja kwa moja watu wa Mtabila, Kanembwa na Nduta: urejeaji wa wakimbizi na haki zao watakapofika kwao, ikiwamo suala gumu la ardhi. Tanzania ilikuwa na sababu ya kulisimamia suala hilo kwa uzito ambao nchi ya mbali isingekuwa nao, kwa kuwa waliokuwa wakisubiri jibu waliishi ndani ya mipaka yake. Aidha, Mei 2001, Tanzania, Burundi na UNHCR walikuwa wamekwisha kusaini makubaliano ya pande tatu kuhusu urejeaji wa hiari.

Mgogoro wa mwaka 2015 ulipotokea, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimteua Rais mstaafu Benjamin Mkapa kuwa mwezeshaji wa mazungumzo ya Warundi mwaka 2016. Mazungumzo hayo hayakufikia mwafaka uliotarajiwa, lakini kwa mara nyingine pande zinazohasimiana zilikutana Arusha.

Kwa upande wa Kongo, kuanzia mwaka 2013 Tanzania ilipeleka wanajeshi katika Brigedi Maalumu ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Desemba 7, 2017, zaidi ya wanajeshi kumi wa Tanzania waliuawa katika shambulio la usiku huko Semuliki, eneo la Beni. Wakati huo, maelfu ya Wakongo walikuwa wakihifadhiwa Nyarugusu. Tanzania ilikuwa ikiwahudumia watu wa nchi hiyo nyumbani kwake, na kuwalinda ndugu zao huko kwao, katika mwaka uleule.

Uraia kwa Warundi wa mwaka 1972

Hatua iliyovuta macho ya dunia zaidi ilikuja kati ya mwaka 2007 na 2010. Warundi waliokuwa wamekuja mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao waliozaliwa nchini, walipewa hiari ya kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wao walichagua kubaki. Zaidi ya watu 160,000 wakapewa uraia. Ugawaji wa vyeti ulikwama kwa muda kutokana na mjadala kuhusu mahali watakapoishi, ukaendelea tena mwaka 2014.

Tendo hilo lilihamisha watu kutoka katika haki za "kila mtu" na kuwaingiza katika haki za "kila raia". Ni nadra katika historia ya Umoja wa Mataifa nchi moja kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa pamoja.

Pale tunu zinapogharimu

Makala ya marejeo yasingekuwa kamili bila kueleza pia vipindi ambavyo utekelezaji ulikuwa mgumu. Machi 31, 1995, Serikali ilifunga mpaka wake na Burundi kwa sababu za usalama na kuzidiwa na idadi ya watu. Desemba 1996, Serikali na UNHCR walitangaza kuwa wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwaka kwisha, na watetezi wa haki za binadamu walihoji kama urejeaji huo ulikuwa wa hiari. Januari 2017, utaratibu wa kuwatambua Warundi kwa makundi ulisitishwa, na Januari 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa majaribio wa Umoja wa Mataifa wa mwitikio mpana kwa wakimbizi, ikieleza kuwa fedha zilizoahidiwa hazikuwa zikipatikana na kwamba usalama wa nchi ulipaswa kuzingatiwa.

Malalamiko ya Tanzania kuhusu mgawanyo wa mzigo yana msingi. Sehemu kubwa ya wakimbizi duniani inahifadhiwa na nchi za kipato cha chini na cha kati, huku maombi ya fedha za kuwahudumia yakiwa hayapati michango kamili mwaka hadi mwaka. Katiba inaielekeza Serikali kulinda usalama na ustawi wa wananchi wake, na Wizara inayopanga mgawo wa maji Kibondo haiwezi kupuuza kisima kilichokauka.

Pamoja na hayo, nchi iliyojenga jina lake kwa tunu hupimwa kwa tunu hizohizo. Nchi ambayo haikuwahi kutamka kuwa binadamu wote ni sawa haiulizwi maswali mengi inapofunga mpaka; Tanzania huulizwa, na itaendelea kuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2019, Tanzania ilipoondoa tamko ililoliweka mwaka 2010 la kuwaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Mjadala ulivuka mipaka ya nchi kwa sababu wengi walikuwa wamezoea kuitaja Tanzania kama mfano. Maswali ya namna hiyo hayapaswi kuchukuliwa kuwa uadui. Ni kipimo cha matarajio ambayo nchi imeyajenga yenyewe.

Ofisi ya kijiji kama mlango wa Taifa

Mwananchi anaweza kuuliza: mambo haya ya mikataba na mikutano yananihusu vipi mimi niliye Busunzu? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inatoa jibu lililo wazi. Inamtaka mtu anayeingia nchini kuomba hifadhi ajitokeze mapema, na isizidi siku saba tangu aingie, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, ofisa mtendaji wa kijiji aliye karibu, au mlinzi wa amani. Maana yake ni kwamba, mara nyingi, sura ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano ambayo mgeni huyo anaiona ni ya mtendaji wa kijiji. Anavyopokelewa katika ofisi hiyo ndivyo atakavyoisimulia Tanzania siku zote, na wapo waliorejea kwao wakawa walimu, wafanyabiashara na viongozi.

Kwa wananchi wa vijiji vya mpakani, mambo matatu yanafaa kukumbukwa. Kwanza, mwananchi anayemwona mgeni aliyekimbia hatari amwelekeze kwa ofisa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, bila kumficha na bila kumdhuru. Kumficha kunamnyima mgeni huyo ulinzi wa sheria, na kunaweza kuhatarisha usalama wa kijiji. Pili, kumtumikisha mkimbizi kwa ujira wa dhuluma, au kumnyang'anya mali kwa kuwa hana wa kumtetea, ni kosa, kwa kuwa sheria inamlinda kama inavyomlinda jirani. Tatu, uamuzi wa nani ni mkimbizi na lini arejee kwao hufanywa na mamlaka zilizowekwa kisheria, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hauwi uamuzi wa mtu binafsi wala wa kikundi chochote.

Ikumbukwe pia kuwa Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Anayevuka mpaka leo akiwa mkimbizi ni mwana-Jumuiya, na kesho anaweza kuwa mnunuzi wa maharage ya Kibondo au mshirika wa biashara Kasulu. Mkataba wa Jumuiya unataja utawala bora, usawa na kulindwa kwa haki za binadamu miongoni mwa misingi yake, na Watanzania wanaposisitiza misingi hiyo katika vikao vya Arusha, wanasisitiza jambo ambalo tayari limo katika Katiba yao.

Hitimisho

Bunge, kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba, ndilo linaloridhia mikataba ya kimataifa inayohitaji kuridhiwa. Rais, mabalozi na wawakilishi wetu ndio wanaoisimamia nje ya nchi. Lakini mikataba hiyo hupata maana yake pale mtu mmoja anapomfungulia mwingine mlango, au anapouona mzigo kuwa mzito na bado akakumbuka kwamba aliyeubeba ni mtu.

Kwa hiyo, ushawishi wa Tanzania mbele ya mataifa ni mali ya umma, kama ulivyo msitu au chanzo cha maji. Umekusanywa na vizazi vilivyotangulia, kwa gharama waliyoijua, na unaweza kupungua usipotunzwa. Wakazi wa nyanda za juu za Kigoma wameutunza kwa miaka mingi. Taifa lina wajibu wa kulitambua hilo: kwa kuhakikisha huduma zinawafikia wanaowapokea wageni sawasawa na wageni wenyewe, kwa kuidai jumuiya ya kimataifa sehemu yake ya mzigo, na kwa kuendelea kulisoma neno "kila mtu" katika Katiba kama lilivyoandikwa.